Korosho Niliyoikata Kwenye Leso ya Shangazi

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia yote kila ninaposikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Keti nikueleze, kwa maana juzi nilikuona ukilitazama shati lako lililotatuka begani, kisha ukalikunja ukalificha chini ya kitanda. Nami niliwahi kuficha nguo, tena si yangu peke yangu.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Kwetu karibu na Msambweni, leso za rangi za bendera mpya zilikuwa zimejaa madukani, na kila mwenye hela kidogo alitaka kuonekana nazo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, au kumi na mitano. Nyumbani hapakuwa na aliyeandika siku niliyozaliwa. Nilisoma mpaka darasa la tano nikatoka. Na nilikuwa na haya. Mgeni akipiga hodi ukumbini, mimi nilikuwa nimeshafika jikoni. Nikiulizwa jambo, nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu, hata nyanya yangu Mwanakombo alikuwa akisema, "Mke mwenzangu huyu, siku akiolewa atawajua wakwe zake kwa viatu vyao."

Alikuwa akiniita mke mwenzangu, unajua mambo ya nyanya na wajukuu.

Kitu kimoja tu ndicho kilichonitoa haya, nacho ni nguo upande wa ndani. Nikiona kanzu imeanikwa, niliigeuza nitazame mshono umepita wapi, na fundi alifungaje uzi wake mwisho. Nilitaka kujua kwa nini mshono huu umeshika na ule umeachia. Niliwahi kufumua mfuko wa koti la marehemu babu nione ulivyoshikizwa, nikashindwa kuurudisha, nikapigwa. Kupigwa hakukuniponya.

Nyanya ndiye aliyekuwa na majibu. Katika nyumba yake hakikutupwa kitambaa. Leso mpya ilivaliwa safarini na harusini. Ikififia ilivaliwa nyumbani. Ikichoka kabisa ilikatwa winda za mtoto mchanga, kwa sababu wakati huo imelainika na haimchubui. Winda zikitoboka zilikuwa vitambaa vya kushikia sufuria, au zilisokotwa kata ya kujitwikia mtungi, na mwisho wa yote zilikuwa tambi za koroboi.

Siku moja nilimwuliza, "Na utambi ukiisha, nyanya?"

"Ukiisha tunalala," akasema.

Basi mwaka huo dada yangu Mejumaa aliposwa na kijana wa Tiwi. Wanawake wa ukoo wakakubaliana sare, leso ya aina moja kwa wote watakaomsindikiza. Ninyi siku hizi mwaona sare ni pambo. Wakati ule ilikuwa zaidi ya hapo. Mwanamke wa ukoo aliyefika na leso nyingine, au asiyefika, alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba ndoa ile hakuiridhia, na wakwe wangemhesabu hivyo maisha. Mama yangu alikuwa amejifungua, yumo ndani ya arobaini yake, hawezi kutoka. Kwa hiyo mlango wetu uliwakilishwa na mimi. Kama mimi nisingesimama pale na sare, ingekuwa kana kwamba mama mzazi wa bi harusi amekataa.

Aliyechagua leso alikuwa shangazi yangu Mwanamkuu, dada yake baba. Alikuwa na sauti inayofika nyumba ya tatu, naye ndiye atakayetangulia mbele siku ya harusi. Alichagua leso nyekundu yenye pindo jeusi, na katikati, pale tunapopaita mji, korosho za manjano zimelazwa safu kwa safu, nyingine mikia yake imeelekea kulia, nyingine kushoto. Alizichukua doti zote zilizokuwa dukani. Mwenye duka akasema hazipo tena, hata akiandika barua Mombasa.

Siku tatu kabla ya harusi nilipewa kazi ya kupiga pasi. Pasi ilikuwa ya makaa, na makaa yenyewe ya vifuu vya nazi, ambayo huwa makali sana lakini hurusha cheche. Nilizimaliza leso za wengine salama. Nikafika kwa yangu ya kuvaa kiunoni, nikaipuliza pasi kwa pupa, na cheche moja ikaruka ikatua. Nilipoipangusa, palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, limeila korosho moja katikati ya mji. Nikajipima ile leso. Tundu lilikuja hasa pale pa kukalia.

Mwanangu, sikulia. Nilianza kufikiri, na hapo ndipo palipoharibika.

Nilijiambia, kiraka cha rangi nyingine kitaonekana na kila aliye nyuma yangu. Yafaa korosho ileile, ya manjano ileile, mkia umeelekea upande uleule. Nitaipata wapi? Nikatazama rundo la leso zilizopigwa pasi. Ya juu kabisa ilikuwa ya shangazi Mwanamkuu.

Nikazidi kufikiri. Leso ya kiunoni humzunguka mtu na kupita. Ncha moja huingia ndani, nyingine huja juu yake, ikachomekwa. Ile ya ndani haionwi na mtu. Nikavaa yangu nihakikishe. Kweli, ncha ya mkono wa kulia ilizama ndani. Wala mtu hawezi kuigeuza leso akaivaa kichwa chini, kwa sababu ina jina lake, yale maandishi ya chini, nayo lazima yasomeke. Kwa hiyo ncha ya kulia ya leso ya shangazi itakuwa ndani, gizani. Nikachukua makasi, nikakata korosho moja karibu na pindo la kulia. Nikajiambia, akija kuona siku moja, atadhani ni mende.

Nikashona kiraka changu kwa mishono midogo sana, jioni ile nzima, na sitakuficha, kilipendeza. Korosho ilikaa mahali pake kama iliyozaliwa pale. Leso ya shangazi niliikunja tundu likiwa ndani, nikampelekea pamoja na nyingine. Akaipokea bila kuifungua, akaitia sandukuni na vikuba vya asumini.

Kesho yake nilikwenda kwake kuazima kinu. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi kwenye kile kichwa cha chuma, nami nikautazama kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Ulikuwa mkono wa kushoto. Shangazi yangu ana shoto. Nilikuwa nikimwona akikuna nazi, akifagia, akitupungia, tangu nilipofumbua macho duniani, na sikuwahi kuliona jambo hilo. Nikateremsha macho kwenye leso ya kazi aliyovaa. Ncha ya kushoto ilikuwa imezama ndani. Ya kulia imekuja juu, imechomekwa mbele, hapa, chini kidogo ya kitovu.

Tundu langu lingekuwa mbele ya tumbo lake, mbele ya wakwe wote wa Tiwi.

"Kinu kile pale," akasema. "Mbona umesimama kama nguzo?"

Nilikichukua nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka, na sikutwanga kitu.

Alasiri nilimfuata nyanya ukumbini. Alikuwa na rundo la leso kuukuu mbele yake, anamkatia mtoto wa mama winda. Nikaitandaza leso yangu magotini mwake, upande wa ndani ukiwa juu, kwa sababu nilijua macho yake yataanzia huko. Akapitisha kidole.

"Iliungua?"

"Naam."

"Umeshona wewe?"

"Naam, nyanya."

Akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Kazi nzuri. Ila uzi wa dukani unang'aa, mwenye macho atauona. Kitambaa umekipata wapi?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia tangu jana. Nikamwambia. Nilimwambia na habari ya ncha ya ndani, na habari ya shoto. Yeye aliendelea kukata winda, kipande kimoja, kingine, nikadhani labda hakunisikia.

Kisha akauliza, "Leso yako wewe ina ncha ya ndani?"

"Inayo."

"Ina korosho?"

"Inazo."

"Za manjano kama zile?"

"Ni zilezile, nyanya."

"Basi kwa nini hukukata yako?"

Mwanangu, nilikuwa nimefikiri siku nzima, nimepima, nimevaa na kuvua, na swali hilo sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Au nilijiuliza nikalipita upesi.

"Sikutaka yangu iwe na tundu la pili," nikasema.

"Sasa umesema kweli," akasema nyanya. "Hukuziba tundu, mke mwenzangu. Ulilihamisha. Ulilitoa mgongoni kwako ukalitia tumboni kwa mwenzako, kisha ukasifu mshono wako. Nguo zote za nyumba hii zimetoboka, na hakuna hata moja iliyotiwa kiraka kutoka kwa mtu asiyejua."

Hakupaza sauti. Nyanya alikuwa akikukemea kana kwamba anakuuliza njia.

Halafu akanionyesha. Mahali doti inapokatwa kuwa leso mbili, ukingo huachia nyuzi. Chomoa hizo, akasema, kwa maana zina rangi ya nguo yenyewe, nyeusi pindoni, nyekundu palipo nyekundu, na wala haziwaki mbele ya jua. Zipakae mate kidogo uzisokote, ni dhaifu. Shona kutoka ndani, usichukue ila nyuzi mbili za kitambaa kila unapochoma, na usikaze, kitambaa kikikazwa hukunjana. Nilisahau fedheha yangu yote. Nikawa namwuliza, je, kwa nguo ya sufi? Je, kwa kanzu, ambayo ni nyeupe tupu? Akanijibu mawili matatu, kisha akanisukuma bega.

"Nenda kwa shangazi yako."

"Twende sote, nyanya."

"Mimi sikukata nguo ya mtu."

Nilikwenda. Njia ile ni ya dakika tano, nami niliifanya ya nusu saa. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulinisalimu asubuhi. Nimekuwa mzee kiasi hicho, nasalimiwa mara mbili?"

"Naiomba leso yako ya sare."

"Ya nini? Umeshaipiga pasi."

"Naiomba tu."

Akanitazama, akaingia ndani, akatoka nayo. Akaifungua mwenyewe, asumini zikadondoka miguuni mwetu, na tundu likawa hapo baina yetu, la duara, safi. Akatia kidole, akakitoa upande wa pili.

"Mende wa siku hizi wana makasi," akasema.

"Ni mimi, shangazi."

Nikamweleza yote, nikiziambia zile asumini.

"Kesho kutwa," akasema, "ningesimama mbele ya watu wa Tiwi nikiwa wazi tumboni, na wewe nyuma yangu leso yako nzima. Ungefanya nini?"

"Ningelia."

"Usingelia. Ungenyamaza. Ungetazama chini kama kawaida yako, watu waseme, maskini, mtoto ana haya." Akaikunja ile leso juu ya mkono wake. "Haya ni kitu kizuri, mwana wa kaka yangu. Lakini wewe unajifichia ndani yake kama kuku aliyekula mbegu za watu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko cha babangu, kwa sababu yalikuwa kweli.

Nikamwuliza kama ataniruhusu niishone. Akasema nitaishona hapo hapo, barazani kwake, anitazame. Na kitambaa? Nikatoa leso yangu, nikaitandaza, nikakata korosho ya ncha ya kulia, mahali palepale nilipokata kwake. Kila mtu aliyepita njiani aliuliza nafanya nini, na shangazi aliwajibu, "Anashona." Tundu jipya la kwangu nililiziba kwa kipande cha leso kuukuu ya nyanya. Hakikufanana hata kidogo, lakini kilikuwa cha ndani, nami ndiye niliyekaa nacho. Ya shangazi ilinichukua alasiri hiyo na asubuhi ya kesho yake. Alinifumulisha mara mbili.

Siku ya harusi tulipanda lori lililoacha kubeba nazi kwa ajili yetu, tukafika Tiwi tumejaa vumbi na nyimbo. Shangazi alitangulia, mimi nikiwa nyuma yake hatua mbili, na moyo wangu ukiwa pale kwenye tumbo lake. Wanawake wa upande wa bwana harusi walitupokea kwa utani wao. Mmoja akasema, "Hawa wa Msambweni wamevaa sare ili wasipotee." Shangazi akamjibu, "Tumevaa sare ili mjue wangapi mtawalisha." Wakacheka, wakatukaribisha mkekani.

Baadaye, watu walipokwisha kula, shangazi alimshika mkono mama mmoja mtu mzima wa upande ule, akakipeleka kidole cha yule mama chini ya kitovu chake mwenyewe. "Gusa hapa. Waona nini?"

Yule mama akagusa, akainama. "Sioni kitu. Ah, ngoja. Hapa pametiwa kiraka?"

"Pametiwa. Aliyekitia ni yule aliyejibanza nyuma ya mlango."

Nilipaona mahali pa kukimbilia, mlango wa uani ulikuwa wazi. Sijui nini kilinizuia. Nadhani ni yule mama mwenyewe, kwa sababu hakunitazama mimi, alikuwa ameshaigeuza ncha ya leso ya shangazi na kutazama upande wa ndani, kama ninavyofanya mimi.

"Uzi huu si wa dukani," akasema. "Umeutoa wapi?"

Nikamwambia. Akaniuliza la pili, nikamjibu. La tatu sikungoja aulize. Nikamweleza habari za ukingo wa doti, na mate, na nyuzi mbili mbili, na kwamba mkia wa korosho ukikosea upande jicho la mtu hulijua kosa kabla yeye hajajua analijua. Wanawake watatu walikuwa wamesogea. Nilikuwa nawatazama usoni.

"Sasa mnyamazisheni mkiweza," shangazi akasema.

Lakini jambo moja hakulisema. Walimwuliza leso mpya kama ile ilitobokaje. Akasema, "Mambo ya nyumbani," akaomba maji ya kunawa.

Tuliporudi, ndani ya lori, nilimsogelea nikamwuliza kwa nini alinistiri.

"Ulikuja mwenyewe," akasema, akalaza kichwa kwenye ubao wa lori akasinzia.

Haya basi, mwanangu, nikupe nilichokuitia. Siku hizi mtumba umejaa Ukunda, na nguo ikitatuka mwaona ni nafuu kununua nyingine. Mimi nasema igeuze kwanza uitazame ndani. Jifunze kushika sindano, mvulana na msichana, na ujifunze kila kitambaa kinaweza kuwa nini baada ya kuwa nguo. Si kwa umaskini. Mtu anayejua kitu kilivyoshikana haogopi sana kinapoachia. Na utazame mvaaji kama unavyotazama nguo. Mimi nilijua mishono yote ya shangazi yangu na sikuujua mkono wake.

Kikitoboka chako, kionyeshe kingali kidogo, hata kama sauti itakukauka. Usiite haya kile ambacho ni kujificha. Na kama huna budi kukata mahali ili uzibe mahali, anza kwenye ncha yako mwenyewe. Ukihitaji ya mwenzako, mwombe, naye akatae au akubali akijua. Hayo yafaa kwa leso, na kwa kazi, na kwa nyumba utakayoijenga na mtu.

Lilete hilo shati, nilione. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona mapema kinachoanza kuachia, akupe subira mikononi, na asikunyime watu wa kuwaendea ukiwa umekosea. Nawe akujaalie uwe mtu wa kuendewa. Amin.